Upande Wetu wa Mto

Mama alianza Jumatano, wakati namenya viazi vya mchana.

"Fonsie," akasema, "Jumatatu unanipeleka kwa hao watawa wako, sawa, nimekubali. Lakini kabla sijaondoka nataka nisimame pale alipozikwa dada yako."

Kisu kikabaki hewani. Mimi sina dada. Nina miaka sitini na miwili, nimezaliwa peke yangu katika nyumba hii, nimecheza peke yangu na nimezeeka humu humu bila mke wala ndugu.

"Dada gani, mama?"

"Wa kwanza. Novemba ya hamsini na tisa. Hakulia."

Nitasema kweli: nilijua akili ndiyo inamtoka. Daktari alishanionya, na wiki ile ile nilikuta viatu vyangu vya kanisani ndani ya jokofu. Ndiyo maana nilikuwa nampeleka kwenye nyumba ya wazee ya watawa kule mjini. Nikamjibu kwa ile sauti ya kuwabembeleza watoto, na Mungu anisamehe, naichukia sauti ile.

"Na alizikwa wapi, mama?"

"Upande wetu wa mto. Baba yako aliniambia mara moja tu. Mto unapojikunja kuna kona, miti mitatu ya miiba, na ukisimama pale unauona mnara wa kanisa katikati ya vilima viwili."

Ebo! Mtu aliyerukwa na akili haelezi hivyo. Lakini mto wetu, Owenglas, hauna kona. Unapita chini ya shamba umenyooka kama rula, kuanzia darajani mpaka seng'enge ya jirani. Huku kwetu wilayani Leitrim ardhi imelowa maji hivi kwamba tunataniana shamba huuzwa kwa galoni, si kwa eka, na mimi nimezama kwenye matope ya mto ule miaka arobaini nikikimbiza mitamba. Kila jiwe la ukingo ule nalijua.

Habari yenyewe ya makaburi niliijua, nani asiyeijua. Zamani zile mtoto akifa kabla ya ubatizo, makaburi ya kanisa yalimkataa. Baba mtu alimtia kwenye kisanduku, akatoka peke yake jioni, akamfukia mpakani, mahali pasipo pa mtu. Mama mtu alibaki kitandani. Asubuhi watu wakaulizana habari za mvua. Nikilifikiria jambo hilo damu inanichemka, lakini nililijua kama unavyojua misiba ya watu wengine. Sikujua kwamba ni la nyumbani kwetu.

Alhamisi nikafunga kiti cha jikoni nyuma ya trekta, nikampakia mama na blanketi mbili, tukashuka mtoni. Nikampitisha ukingo mzima, kutoka seng'enge hadi darajani, polepole, maana nyonga yake haitaki mtikiso.

"Ni hapa?"

"Hapana."

"Hapa je?"

"Usinikimbize, we mtoto."

Tukarudi tena na tena. Miti ya miiba hakuna. Mnara hauonekani, kilima cha Corrabeg kimeuziba wote. Mvua ikaanza, na mimi uvumilivu ukaniishia.

"Mama, mto huu hauna kona! Haujawahi kuwa na kona! Sasa nikuchongee kona mimi?"

"Unanifokea, Alphonsus?"

"Sifoki!"

Nilikuwa nafoka, hata ng'ombe walinyanyua vichwa. Mama akavuta blanketi mpaka kidevuni, akatazama maji. Nikajisikia mtu hovyo kabisa. Nilimpikia nyama na kabichi, hakugusa.

Ijumaa nikaenda kwa Mwalimu Dymphna Foley, aliyenifundisha kusoma na ambaye siku hizi ameijaza sebule yake makaratasi ya historia ya parokia. Nilitaka aniambie hakuna makaburi yoyote kwetu, nimtulize mama, yaishe. Badala yake akasogeza chai pembeni, akatandaza mezani ramani kubwa ya mwaka elfu moja mia nane thelathini na nane.

"Shamba lenu hili."

"Hili si letu, mwalimu. Tazama mto ulivyojipindapinda kama utumbo. Kwetu umenyooka."

"Fonsie Tiernan, hata darasa la tatu ulikuwa mbishi hivi hivi. Soma hapo."

Nikavaa miwani. Ndani ya kona, kwa herufi ndogo kama mchwa, pameandikwa: makaburi ya watoto. Na kona yenyewe ilikuwa upande wetu, hapana ubishi, nyumba yetu ipo pale pale na kisima chetu pale pale.

"Kwa hiyo kona imekwenda wapi?"

"Haikwenda popote. Mto ndio uliokwenda. Mwaka wa sitini walileta katapila kuunyoosha, mafuriko yapungue. Wakakata moja kwa moja kwenye shingo ya kona. Kilichokuwa upande wenu kikabaki ng'ambo."

"Ng'ambo ni kwa Hughie Keaveney."

"Kipande kile si cha Hughie. Mpaka wa kitongoji haukuhamishwa, unafuata mto wa zamani mpaka leo. Ni chenu."

Nikaigeuza ramani juu chini. Nikaigeuza tena. Shamba nililolilima maisha yangu yote lilikuwa na kipande ng'ambo ya mto ambacho sikukijua, na mto niliouapia haukuwa mto bali mfereji, mkubwa wangu kwa miaka mitatu tu. Nikamuuliza mwalimu mara tatu upande upi ni upi, na mara tatu akanijibu, na kila akinijibu kichwa kinazidi kuniwanga.

"Kunywa chai, Fonsie," akasema. "Kesho nakuja na nyinyi."

Jumamosi asubuhi tulizunguka kwa barabara, tukavuka daraja, Hughie akatufungulia lango lake bila kuuliza maswali. Mama nilimbeba mgongoni. Mwanamke aliyekuwa akininyanyua kwa mkono mmoja, sasa mwepesi vile! Mwalimu alitangulia na ramani. Tukashuka kwenye bonde jembamba lililojaa nyasi za kinamasi, ndio mto wa zamani, nikazama mpaka magotini, nikatukana, mama akanizaba kofi la sikio. Tukapanda upande wa pili.

Miti ilikuwa miwili imesimama na wa tatu umeanguka. Chini yake nyasi fupi, na mawe madogo meupe, mengine yamezama nusu, hayana majina wala tarehe. Nikahesabu kumi na tisa nikaacha. Nikageuka, na huo hapo mnara wa kanisa, katikati ya vilima viwili.

Nikamshusha mama. Nilidhani atalia, nikamshika kiuno. Hakulia. Alitazama mnara, akatazama mawe, akatazama tena mnara.

"Nilikuja kumtafuta," akasema. "Baada ya mtoto walinipeleka hospitali ya kifua kikuu, nikalala miezi kumi na minne. Niliporudi nikashuka mtoni peke yangu, siku tatu. Hakuna kona."

"Hukumuuliza baba?"

"Wakati ule hayaulizwi. Niliambiwa mto umesafishwa. Kusafishwa, Fonsie! Mimi mgeni huku, nimeolewa majira ya kuchipua, mtoni sijafika hata mara moja. Hakuna aliyeniambia umehamishwa. Nikajua Mick, baba yako, amenidanganya. Nikajua amemtupa majini, kisha akanitungia miti na mnara ili ninyamaze."

Mwalimu Dymphna akajigeuza kando.

"Miaka yote?" nikauliza.

"Miaka thelathini na minane. Nilimpikia, nilimfulia, nilikuzaa wewe. Lakini sikumsamehe. Alipokuwa anakufa alinyoosha mkono kitandani kunitafuta, nikaurudisha chini ya shuka."

Baba niliyemfahamu alikuwa mtu mkimya anayekula ameinamisha kichwa, nikadhani ndivyo alivyoumbwa. Nilisimama pale kama mjinga, matope yamejaa viatuni, sijui nimhurumie yupi.

Mama akainama kwa shida, akagusa jiwe la karibu, akagusa na la pili, kwa sababu hakuwa na namna ya kujua lipi ni la nani. Kisha akanyoosha mkono nimwinue.

"Turudi nyumbani, mama? Unatetemeka."

"Siendi nyumbani. Nipeleke makaburini kwa baba yako."

Tangu tumzike, miaka ishirini na sita, hakuwahi kukanyaga pale. Kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, alikuwa na kisingizio, mara mguu, mara mafua.

"Mvua inakuja," nikasema.

"Nimesikia. Nibebe."