Kesi Niliyoiahirisha Hadi Siku ya Mwisho

Ndugu msomaji, mimi si mtu wa ndoto. Ni mzee wa kanisa hapa mlimani, miaka sitini nimeipita, na watu wanaosimulia ndoto zao ibadani hunichosha. Lakini hii nitaisimulia, kwa sababu iliniaibisha. Ilinijia Jumamosi mchana, baada ya asubuhi iliyonivuruga kabisa. Tulikuwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa, na wanakwaya wakaja kutuambia, bila hata kucheka, kwamba mwaka huu hawajifunzi nyimbo za Krismasi. Kisa? Mhubiri mmoja mpita njia amepiga hesabu zake akagundua kuwa Bwana Yesu anarudi tarehe kumi na nane Desemba. Sasa nyimbo za tarehe ishirini na tano ni za nini? "Na mkiamka tarehe kumi na tisa mko palepale, mtatuimbia nini?" niliwauliza. Mwalimu wa kwaya akanijibu kwa upole kwamba nina imani haba. Mimi! Nilirudi nyumbani kichwa kinaniwanga.

Nyumbani nako sikupata nafuu. Mke wangu alinipokea mlangoni. "Baba Elinipa, Kundaeli anapelekwa hospitali kesho, anapasuliwa. Anakuulizia." Kundaeli ni mdogo wangu, na kihamba chake, yaani shamba lake la urithi, kimepakana na changu. Miaka minne iliyopita alisogeza mpaka wetu hatua mbili, kisha moyo ukamsuta, akanitumia jani la isale. Kwetu jani hilo ni ombi la msamaha, na aliyeletewa hakatai, hata kama ameuliwa ng'ombe. Mimi nililirudisha. Nilisema kesi ile namwachia Bwana, akirudi ataiamua mwenyewe. Na Jumamosi hiyo nikamjibu mke wangu vilevile: "Tutaonana naye siku ya mwisho." Akaniangalia tu. Nikajitupa kitini na tai yangu shingoni, nikasinzia nimenuna.

Mara nikajiona katika nchi tambarare isiyo na mlima hata mmoja, jua limesimama utosini, na barabara moja nyeupe iliyokwenda mpaka macho yakachoka kuifuata. Upande wa kushoto palikuwa na ukuta mrefu, na mbele yake mwanamume anayevuja jasho, jina lake Papara, akiandika tarehe kwa chaki, akiifuta, akiandika nyingine. "Safari hii nimeipata!" alipiga kelele, na umati ukashangilia kana kwamba hakuwa amesema hivyo dakika tano tu zilizopita. Nyuma yao mashamba yalikuwa yamemezwa na magugu. Upande wa kulia palikuwa na baraza pana yenye viti laini, na mwenyeji wake, Bibi Baadaye, alikuwa akipita akiwamiminia watu chai. "Karibu, baba, keti," aliniambia. "Bwana amekawia, na atakawia tena. Haraka ya nini?" Wageni wake walikuwa wengi kuliko wa Papara, na kila mmoja alikumbatia furushi ambalo hakutaka kulifungua.

Nikageuka kumtafuta mtu mwenye akili, nikamwona mama mmoja katikati ya barabara, mikono ina udongo, jembe begani. Alisema anaitwa Kesha, na kwamba amenitokea ili anionyeshe njia. Nikammwagia yote. Nilimwambia wale wa ukutani ni wapumbavu na wale wa barazani ni wavivu, awaambie ukweli, wananiudhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hao ni ndugu wa tumbo moja," akasema. "Mmoja amempangia Bwana siku, mwingine amempa likizo. Wote wanaikimbia leo. Na hilo furushi lililo kwapani mwako, mzee wangu, ni la nini?"

Sikujua kama nina furushi. Nililifungua kwa hasira, na ndani yake mlikuwa na jani la isale, bichi, kama limechumwa asubuhi ile. "Miaka minne!" nikasema. "Jani gani hilo lisilonyauka?" Kesha akateremsha jembe chini. "Unadhani umilele ni siku nyingi zilizopanga foleni, na Bwana amekaa huko mwisho wa foleni akikungoja. Sivyo. Siku zote ziko mbele zake kwa pamoja: siku alipoumba mwanga, siku ya msalaba, na siku atakayorudi katika utukufu. Atarudi kweli, usidanganywe na huyo mama wa chai. Lakini hata siku uliyolirudisha jani iko mbele zake. Alikuwepo mlangoni pako. Jibu lako alilisikia, na bado analisikia."

"Basi mbona haji akamaliza?" nilifoka bila haya, maana nilikuwa nimechoka na kungoja, nimechoka na watu wake, nimechoka na nafsi yangu. "Anakuvumilia," Kesha akasema. "Kama angekuja asubuhi ya leo, angekukutaje?" Na kutoka barazani nikamsikia Bibi Baadaye akiniita kwa sauti tamu: "Mzee Aminieli! Kiti chako tumekutunzia." Nikatazama. Kilikuwa kimebonyea kwa umbo la mwili wangu.

Nilishtuka nikiwa nimejikaba na tai. Jua lilikuwa bado kali nje. Nikatambua, ndugu yangu, na niliumia kutambua: wanakwaya walimpangia Bwana tarehe ya karibu kwa ujinga, nami nilimpangia ya mbali kwa makusudi, ili nisisamehe. Kuja kwake nilikugeuza mahali pa kuficha chuki yangu, halafu nikakaa kikaoni kuwafundisha wengine imani.

Sikusubiri chakula. Nilikata katikati ya migomba mpaka kwa Kundaeli, nikamkuta amelazwa sebuleni, amekonda, mashavu yamebonyea. Akafumbua macho. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakanipotea.

"Mdogo wangu, nisamehe. Nimechelewa."

"Nilishakusamehe siku nyingi, kaka," akasema. "Nilikuwa nakungoja tu."