Kiongozi wa Bendi ya Mzee Mogaka

Cleophas aliingia uani na suti ya kaki, tai shingoni, gitaa jipya mgongoni. Nyanchera, dada yake mkubwa, aliendelea kumenya ndizi kana kwamba aliyepita ni kuku.

Alikuwa na sababu. Miaka mitatu nyuma, mwaka wa 1950, Cleophas alipomwoa Esnah, binti wa mchungaji, alimwomba baba yao aje harusini bila obokano yake. "Wageni wangu ni watu waliosoma, tata," alisema. "Kinubi cha ngozi na kano za ng'ombe kitaniaibisha." Mzee Mogaka, ambaye vidole vyake juu ya zile nyuzi nane viliwahi kuwaliza wanaume wazima, alikwenda harusini mikono mitupu, akaketi nyuma, akala wali. Nyanchera hakwenda kabisa.

Sasa karani huyu wa duka la nguo mjini Kisii alikuwa na habari. Mzungu mmoja alikuwa akizunguka na gari lenye mashine ya kunasa nyimbo. Angefika soko la Nyamache Alhamisi, na alikuwa akiulizia obokano.

"Nimemwambia nina bendi," alisema Cleophas.

"Una nini?"

"Bendi, dada. Tata atapiga obokano, wewe utaimba, Mong'ina atatikisa njuga. Mimi kiongozi. Nitatia gitaa, tuwe na sauti ya kisasa."

"Hilo gitaa umelijua lini?"

"Tangu Pasaka."

"Basi hata meno halijaota."

Mong'ina, binti yake Nyanchera, akaangua kicheko jikoni. Mzee Mogaka hakucheka. Alisema tu kwamba kano moja ilihitaji kubadilishwa kabla ya Alhamisi.

Siku ilipofika, Cleophas alimwamkia Mzungu kwa Kiingereza kirefu, naye Mzungu akamjibu kwa Kiswahili cha kuagizia chai. Mashine ikawashwa. Obokano ikanguruma, Nyanchera akapandisha wimbo wa mavuno, njuga za Mong'ina zikalia miguuni pake. Kisha gitaa likaingia kama mbuzi kwenye maharagwe.

Mzungu akasimamisha. Wakaanza tena. Akasimamisha tena.

"Nani anagonga sufuria?" aliuliza.

Soko zima likacheka. Cleophas akalaumu nyuzi, akalaumu baridi, akalegeza tai. Nyanchera aliinywa aibu ile kama maziwa mala. "Debe tupu!" alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza viazi.

"Weka chini hicho chombo," Mzee Mogaka akamwambia mwanawe. "Itikia, kama ulivyoitikia ulipokuwa mdogo."

"Nimesahau maneno, tata."

"Hujasahau."

Na kweli hakuwa amesahau. Alipofumbua kinywa ilitoka sauti ya marehemu mama yao, pana na tulivu, hata Nyanchera nusura akose zamu yake. Jambo hilo lilimuudhi kuliko gitaa. Mjinga afadhali awe mjinga mpaka mwisho, ujue pa kumweka.

Miezi ikapita, sahani ya santuri ikafika Nyamache. Mwenye duka aliipiga kwenye gramafoni, watu wakajaa mlangoni. Mong'ina, aliyesoma, akaitazama karatasi iliyobandikwa katikati.

"Soma," mama yake akamwambia.

"Cleophas Mogaka na Bendi Yake."

Kesho yake Nyanchera alitembea hadi Kisii, akamkuta kaka yake akipima kitambaa mbele ya wateja.

"Bendi yako imekuja kukusalimu," alisema.

"Dada, ni mambo ya maandishi tu. Walitaka jina moja."

"Jina la tata lilikuwa na kasoro gani?"

Cleophas aliukunja ule utepe wa kupimia, akaukunjua.

"Haya. Bendi imeacha kazi," Nyanchera akasema, akaondoka.

Hakutania. Cleophas alipoalikwa Sironga kupiga muziki kwenye sherehe ya kufungua shule, alikuja kubembeleza siku mbili mfululizo.

"Kiongozi aende," dada yake alimjibu.

"Atachekwa, mwanangu," Mzee Mogaka alisema.

"Ndiyo, tata. Atachekwa."

Mzee angeweza kuamuru. Hakuamuru. Cleophas alikwenda peke yake na gitaa lake, na habari zikarudi kabla yake: wanafunzi walimzomea, baba mkwe akajifanya anatafuta ukurasa kwenye Biblia.

Jumamosi iliyofuata familia ilialikwa harusini kwa jirani. Walikuwa kwenye wimbo wa pili pale Cleophas alipotokea migombani, bila tai, bila gitaa. Hakusalimu wala kuomba. Alichuchumaa nyuma ya baba yake, akaanza kuitikia. Vidole vya mzee vikachangamka, na bibi harusi mwenyewe akaacha sahani yake akaja kucheza.

Nyanchera alimwacha kaka yake aimbe mpaka mwisho. Walipopewa chakula alibeba sahani yake, akampita, akaenda kula na wapishi.