Majibu ya Wifi

Pale masjala ya hospitali walimwita Bi Namba, maana kazi yake ilikuwa kugeuza maneno ya madaktari kuwa namba. Daktari akiandika ugonjwa au kipimo, yeye alikitafutia namba yake kwenye kompyuta, na namba hiyo ndiyo iliyoamua faili liende wapi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekalia kiti kilekile, akisoma miandiko iliyoparuzwa kama kuku kapita juu ya karatasi.

Siku moja ikamfikia karatasi ya wifi yake, mke wa mdogo wake, aliyeajiriwa uuguzi wodi ya watoto. Waajiriwa wapya walipimwa damu kuona kama mwili una kinga ya rubela, ugonjwa wa vipele unaomdhuru mtoto aliye tumboni. Majibu ya wifi: hasi. Yaani kinga hana, achanjwe kwanza. Lakini daktari wa wafanyakazi alikuwa ametia alama kwenye kipimo cha kutafuta ugonjwa, si kile cha kupima kinga. Kwa namba ya kipimo hicho, hasi maana yake ni mzima, aanze kazi.

Bi Namba akaichukua karatasi akampelekea.

"Daktari, hapa kipimo si chenyewe. Huyu hana kinga."

Daktari hakuinua hata uso. "Hasi ni hasi, mama. Wewe chapa kilichoandikwa."

Akarudi, akachapa, na chini yake kompyuta ikaweka herufi za jina lake.

Jumapili akaenda kwa mdogo wake, maneno yakiwa kwenye ncha ya ulimi. Ndugu walikuwa wamejaa sebuleni. Wifi akamkaribisha kwa utani: "Mpisheni wifi yangu akae, amechoka kuchapa. Sisi wengine tutatapikiwa na wagonjwa, yeye anatapikiwa na kompyuta." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bi Namba naye akacheka, ila kwa meno tu. Ndani utani ulikuwa umemchoma. Akajiambia faili la mtu ni siri, na asiyeheshimu kazi ya mtu hana haja ya kujua kinachopita mezani kwake. Akanywa chai yake, akaaga.

Mwaka ukapita na miezi kadhaa. Wifi akashika mimba, na mimba ikiwa changa akatokwa na vipele siku tatu, vikapotea. Mtoto alipozaliwa, mboni zake zilikuwa na ukungu mweupe. Baadaye wakagundua kwamba hata mlango ukibamizwa, hashtuki.

Hospitali ikaita kikao kuuliza ilikuwaje muuguzi akaanza kazi bila chanjo. Karatasi za mwaka ule zilikuwa zimekwisha kuchomwa kwa utaratibu, kilichobaki ni kompyuta.

"Mimi niliandika hasi, na ilikuwa hasi kweli," alisema daktari kwa upole. "Namba ni kazi ya masjala."

Bi Namba akaeleza alivyomfuata ofisini. Wakamuuliza shahidi ni nani. Hakuwa na shahidi. Akapewa barua ya onyo, akaambiwa arudi mezani kwake.

Jioni hiyo mdogo wake akamngojea mlangoni kwake.

"Dada, uliijua karatasi ya mke wangu?"

"Niliijua."

"Na ile Jumapili ulikuja kwetu ukiijua?"

Angeweza kusingizia siri ya faili. Hakuwa na nguvu hizo tena. "Nilikuja niwaambie. Alinitania mbele za watu, nikakasirika, nikanyamaza."

Mdogo wake akaondoka bila kuaga.

Wiki ya pili Bi Namba akajikaza, akaenda kuomba radhi. Alimkuta wifi amekaa kitandani, mtoto amelala mapajani. Akasimama kizingitini, akaanza kunong'ona.

"Sema kwa sauti, wifi," alisema yule mama, bila hasira yoyote. "Huyu hasikii. Hutamwamsha."

Wifi alipogeukia ukutani, Bi Namba akarudisha mlango taratibu, akaenda zake bila kuiomba ile radhi.