Baba Bila Redio

...na si kufanana, ni yeye, ni baba mwenyewe na shati lake la mistari, lile lenye kifungo kimoja cheupe katikati ya vyeusi, kifungo alichokishona yeye, bintiye, kwa mkono wake, sasa kiko ukutani juu ya dirisha la dawa, kikubwa kama sahani, na chini yake maneno mekundu, UPWEKE NI UGONJWA, UMEMTEMBELEA LINI MZAZI WAKO?, na baba wa nyama na damu ameketi hapa kando yake kwenye benchi, ameshika namba arobaini na moja, anasubiri kupimwa presha, hajainua macho bado, asiinue, Mungu wangu, asiinue... picha hii anaijua vizuri kuliko uso wake, mwaka wa sita sasa iko sebuleni juu ya kochi, kaka yake mkubwa aliichora likizo ile ya mwisho kabla hajahama moja kwa moja, baba amefumba macho, kichwa amekilaza upande, na sikioni ameshikilia redio yake ndogo, anasikiliza mpira, raha mustarehe, hakuna mgeni aliyeingia asicheke, mzee yuko uwanjani leo, na yeye huwajibu, msimsumbue, dakika za mwisho hizi... sasa redio haipo, wameikata, wamekata na mkono na dirisha lenye jua, wamebakiza uso na kifua tu wakavipaka kijivu, na uso ni uleule, makunyanzi ni yaleyale, hakuna aliyeongeza hata chozi, lakini unalia... nani aliyewapa kama si kaka, mwaka jana alikuja kwa siku mbili, akaitungua picha, akaiegemeza ukutani, akasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, na pazia nani alilishika ili mwanga usimwagike juu ya rangi, si yeye mwenyewe, mkono ukamfa ganzi, akauliza ni za nini, akaambiwa ni kumbukumbu tu, mdogo wangu, picha hii ni ya nyumbani, haitoki, na kweli haijatoka, iko palepale, ndicho kinachomchoma, hajaibiwa kitu cha kwenda kukidai... nesi anaita thelathini na saba, na mama mmoja mwenye mkoba mapajani anamsogelea, anaonyesha ukutani kwa kidevu, anasema watoto wa siku hizi hawana haya, mzee wa watu ametelekezwa mpaka amekuwa vile, naye, hajui kwa nini, anatikisa kichwa kukubali, amejihukumu mbele za watu bila kufumbua mdomo, yeye aliyeacha kazi ya ofisini, yeye anayempikia bila chumvi, anayemkata kucha, anayeamka akisikia kikohozi, na yule wa mara mbili kwa mwaka na mfuko wa matunda ndiye anayewauliza watu wamewatembelea lini wazazi wao... atampigia, leo hii atampigia, atamwambia umenivua nguo hadharani, atamwambia... "Yule ni mimi," baba anasema. Amekwisha kuinua macho, tangu lini hajui, anaitazama picha kwa utulivu kama mtu anayesoma barua iliyochelewa, naye anamwahi, anamnong'oneza, "Wameiharibu, Baba. Wamekata redio. Ulikuwa unasikiliza mpira." Mzee anasugua kidole kwenye namba yake. "Haikuwa na betri siku ile, mama. Kaka yako alinikuta hivyo, akaniambia nisisogee." "Sasa ulikuwa unafanya nini?" "Nilikuwa nimekaa tu."... amekaa tu, miaka yote hiyo yeye anawachekesha wageni, msimsumbue, dakika za mwisho, na baba chumbani anasikia, hakusahihisha hata siku moja, labda kwa kumwonea huruma, na anajaribu kuirudisha redio pale ukutani, anaijenga upya kwa macho, mkono, dirisha, jua, haikai, uso unabaki peke yake, na sasa hata ile ya sebuleni atakapoirudia atakuta mzee ameshika kitu kisicholia... kwa hiyo kaka aliona, yeye alikuwa jikoni anaimba, kaka alikaa mbele ya uso ule alasiri nzima na kuona, hakumwambia mtu, alichora, akafungasha rangi zake, akaondoka, na hilo ndilo, si kukata picha, hasira ya kukata picha anaitafuta haipati, hili ni zito zaidi, alijua akamwachia peke yake nyumba asiyoijua... thelathini na tisa, anaita nesi, mama mwenye mkoba anainuka, benchi linapumua, na baba amefumba macho tena, kichwa amekilaza upande, anataka kumwuliza, na nyumbani, Baba, nikiwa jikoni, nikiwa nakuongelesha, nako huwa umekaa tu?, swali liko pale ulimini, zamu yao haijafika, muda upo, naye haulizi.