Punda wa Mishi, Nyuki wa Ahmad

Tangu ile mizinga sita itundikwe kwenye mikoko nyuma ya nyumba ya Mishi, hapo Jomvu Kuu, Ahmad hakuwa na wimbo mwingine. "Nyuki yuwajilisha, shemeji. Huyo punda wako yuwala, yuwalala, na shukrani yake mateke. Fuata nyuki ule asali!"

Mishi, mjane wa marehemu kaka yake Ahmad, aliendelea kujaza mitungi. Punda huyo, Subira, ndiye aliyevuta mkokoteni wa mitungi ya maji uliomlisha yeye na wanawe watatu kwa miaka minne. Hakuwahi kumpiga mtu teke. Lakini utamweleza nini mwanamume aliyekwenda semina ya nyuki siku mbili?

Ijumaa ile Ahmad alimfunga Subira mwenyewe kwenye mnazi, kamba mizunguko mitatu, asije akaangusha mizinga. Kisha akaenda kuswali.

Alirudi na wageni wawili wa msikitini, kanzu imefukizwa udi mpaka harufu ikamtangulia uani. Mishi hakwenda semina yoyote, ila babake alikuwa mrina asali, na alijua nyuki hawaendewi na manukato.

"Shemeji, vua kanzu hiyo kwanza."

"Nisimame kifua wazi mbele ya wageni? Wallahi huna haya."

Akafunua mzinga kuwaonyesha wageni. Nyuki wakatoka wote kwa pamoja. Wanaume wakatimka, kanzu wamezikunja mapajani, wakajifungia nyumbani kwa Mishi. Yeye alijitanda leso, akashika kisu, akamkimbilia Subira. Akakata mzunguko wa kwanza, akakata wa pili. Ulipofika wa tatu macho yalikuwa yamevimba, kamba haioni tena. Subira alikufa kabla ya alasiri.

Siku ya tatu Ahmad akaja na chupa ya asali.

"Ni kadari ya Mungu, shemeji. Hata mimi nimepata hasara. Nyuki wangu wamekufa wengi. Ndivyo nyuki alivyoumbwa, akishauma hufa."

Mishi alimtazama kwa jicho moja, la pili lilikuwa bado halijafunguka.

"Basi nyuki ana haya kukushinda," akasema. "Yeye akiuma hufa. Wewe umeuma, na waja na chupa."

Akamrudishia asali yake. Akajifunga leso kiunoni, akaingia katikati ya mikono ya mkokoteni, mahali pa Subira, na wanawe wakasukuma kwa nyuma. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani.