Benchi la Ashcombe

Ashcombe ni kitongoji cha wazungu chenye mitaa saba, na kila mtaa unajiona mji mkuu. Nimekipigia pasi miaka kumi na tisa, kwa hiyo nina haki ya kukisema.

Kila mwezi wa sita wana Siku ya Mwanzilishi. Wanasimama kwenye nyasi na sharubati yao ya limau, wanasomeana historia. Eti mzee Thaddeus Pruitt alipanda kilima, akaona miti, moyo ukamtulia, akajenga. Uongo mtupu! Pale palikuwa malisho ya nguruwe. Pruitt alikuwa na tramu isiyopata abiria, akanunua lile tope kwa bei ya kutupa, akavuta reli mpaka juu, ndipo akawauzia viwanja makarani wa mjini. Jina la Ashcombe alilitoa kwenye kopo la tumbaku. Bila tramu wangekuwapo nguruwe mpaka leo, na pengine wangekuwa na adabu zaidi.

Makarani walipopata veranda wakajiona mabwana. Kwenye hati za viwanja wakaandika kwamba mtu mweusi haruhusiwi kuishi Ashcombe, ila mtumishi ndani ya nyumba ya mwajiri wake. Ndiyo maana sisi weusi wenye familia tulikuja na tramu alfajiri na kuondoka nayo jioni.

Bibi Cordelia Ackley, niliyemfanyia kazi, alikuwa mjane wa miaka sabini na nne, asiyejua kuendesha gari wala kuchemsha yai. Yeye ndiye aliyeongoza Kamati ya Kupendezesha Kitongoji. Kwanza kamati ikang'oa benchi la kituoni, kwa sababu wafanyakazi tulilikalia jioni tukacheka, na kicheko chetu kilichafua mandhari. Kisha, mwaka wa 1949, ikaja karatasi ya sahihi: tramu iondolewe, katikati ya barabara papandwe maua. Basi la mjini nalo wakalikataa, eti moshi wake utaua miti.

Mwanangu Ottilie alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuo cha uuguzi, na kazi ile ndiyo iliyomsomesha. Nilipomwona Bibi Ackley anatia sahihi, nikashindwa kunyamaza.

"Mama, tramu ikiondoka sisi tutakuja na nini?"

"Sisi nani, Verlie?"

"Wapishi. Wafuaji. Mimi."

"Aa, mambo yatajipanga. Hebu nimiminie kahawa."

Nikammiminia. Mwezi uliofuata wakazi wakapiga kura, na jioni hiyo Idella, mpishi wa nyumba ya jirani, akanipa habari ndani ya tramu.

"Shoga, wamekubali wote! Hata mmoja hakupinga."

"Wamejipalia makaa wenyewe," nikasema. "Nani atawapikia?"

"Si wana maua? Watayatafuna."

Tulicheka, lakini mimi nilicheka huku nahesabu karo ya Ottilie iliyobaki.

Siku ya mwisho ya tramu ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nakunja mashuka Bibi Ackley alipoingia jikoni.

"Jumatatu uje mapema, Verlie. Nina wageni."

"Nitakuja na nini, mama?"

"Kwani siku zote unakujaje?"

Miaka kumi na tisa! Nadhani aliamini naota jikoni kwake kila asubuhi, kama uyoga.

"Kwa tramu, mama. Ile uliyoitilia sahihi iondoke."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukataka kahawa."

Uso ukamchangamka. "Basi hamia hapa! Kuna chumba darini. Hati inaruhusu."

"Nina mume na mtoto."

"Wao hati haiwaruhusu," akasema, wala hakuona haya.

Nikavua aproni, nikaitundika. Msidhani sikuogopa. Nilikuwa naiacha kazi ambayo mwanangu aliitegemea, na sikuwa na nyingine. Niliipata baadaye, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kazi ya kuvunja mgongo, na Ottilie akamaliza chuo. Lakini Ijumaa ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nimemchoka yule mama na kilima chake.

Alinifuata mpaka kituoni na mkongojo wake, njia nzima ananisihi. Sijui kama aliwahi kufika pale kwa miguu tangu afiwe na mumewe. Alifika anahema, macho yanatafuta pa kukaa.

"Verlie, benchi liko wapi?"

"Mliling'oa, mama. Kamati yako."

Tramu ikafika, nikapanda na wenzangu. Nilipogeuka dirishani bado alikuwa amesimama, ameshikilia nguzo kwa mikono miwili, anatazama huku na huku apate mtu wa kumrudisha nyumbani. Watu wote ambao wangemrudisha walikuwa ndani ya tramu.