Kidole cha Somoe

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeingia ndani ya ile katuni ya Kijapani anayoiangalia binti yangu Somoe, na naandika upesi kabla sijaanza kujidanganya kwamba haikuwa hivyo. Kina mama wenye mabinti na simu, someni mpaka mwisho.

Kwanza mjue habari za vidole vyangu. Nimebangua korosho kiwandani miaka kumi na moja, na mafuta ya maganda yamevila vidole mpaka alama zote zimefutika, hata nikijipaka majivu kila asubuhi. Nilipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilinikataa mara saba. Wakala, mama mmoja aliyekaa chini ya mwavuli, akauliza kwani huyu uliyekuja naye si binti yako. Somoe akaweka kidole gumba chake, laini yangu ikasajiliwa kwa jina lake. Tukacheka, tukaenda kunywa chai. Tangu siku hiyo kila ujumbe unaoingia kwenye simu yangu huniita Somoe.

Tena mjue habari za Liponda. Huyu ni mtoto wa jirani, huniita mama mdogo, sasa mtu mzima mwenye ndevu, na kazi yake ni kutafsiri filamu za nje pale banda la video. Sauti zote ni zake. Bibi kizee akiongea, ni Liponda. Mtoto mchanga akilia, ni Liponda. Kijapani hajui, pale asipoelewa hutunga, na watu huondoka wameridhika.

Katuni yenyewe ni ya msichana anayebadilishwa mwili kwa vipande vya chuma, leo mkono, kesho shingo, mpaka hajijui tena kama ni yeye. Somoe ameiangalia mara tisa. Nilimwuliza anatafuta nini humo. Akasema, "Nataka nijue mwishoni yupo au hayupo, mama." Jibu hilo halikunipendeza.

Basi, katika ndoto niko kiwandani, nakata korosho. Naipasua moja, ndani hamna kiini, mna mlango. Mlango mdogo, mweupe, wenye bawaba na komeo. Nautazama kwa mashaka. Naugusa tu, na tayari nimesimama barabarani kwenye mji wa maghorofa yenye maandishi nisiyoyajua. Kila mtu kavaa jina lake kifuani. Mvua inanyesha, lakini inalowesha majina peke yake. Mimi kifuani sina kitu, kwa hiyo ni mkavu.

Mbele yangu lipo jengo, na mlango wake unasema kwa sauti ya Liponda, "Hapa mlango anasema, weka kidole."

Naweka.

"Hapa mlango anasema, hakuna mtu."

"Nipo. Nimesimama."

"Anasema kusimama si kuwepo."

Nikamwambia Liponda aache upuuzi, mimi ni mama yake mdogo, nilimbeba mgongoni alipougua surua. Mlango ukaona haya. Halafu ukanipa shikamoo yangu, ukasema lakini kazi ni kazi. Ukanieleza kwamba kidole cha Somoe kimesajiliwa kwa wanawake wawili, na mwili wa nyama hauwezi kubeba wawili. Kwa hiyo Somoe yuko ghorofa ya juu, anaongezewa chuma.

Kwa kuwa mimi sikuwepo, mlango haukuwa na mtu wa kumzuia. Nikapita.

Ghorofa ya juu ni jikoni kwangu. Somoe kakaa kwenye kigoda changu, na mbele yake cherehani kinamshona. Miguu tayari ni ya bati mpaka magotini, imepakwa rangi ya kijani. Kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Hata mishono ilikuwa imenyooka. Nikamwita.

"Hapa Somoe anasema, mama, kiuno kinaniuma," akasema kwa sauti ya Liponda.

Kiuno hicho nakijua. Ni changu. Akaendelea kunihadithia siku niliyomzika mama yangu, wakati yeye hata hajazaliwa: matope, viatu vya kuazima, jinsi cha kushoto kilivyonibana. Viatu mimi nilikuwa nimeshavisahau. Nikauliza navyo amevipata wapi. Akasema vimekuja pamoja na laini.

Sasa nikaingiwa na wasiwasi wa kweli. Nikakiuliza cherehani kinamaliza lini.

"Hapa cherehani anasema, kidole gumba tunakimalizia mwisho, maana ndiyo hati ya mwili. Kikishakuwa chuma, Somoe ni wa mji."

"Na mimi?"

"Wewe hujafika."

Nikamkumbusha Liponda sheria ya bandani kwake, anayoitangaza kila Jumamosi: stelingi, shujaa wa filamu, hafi. Kama Somoe ndiye stelingi wa katuni hii, na amwachie.

"Hafi, mama mdogo," akasema. "Lakini lini uliona stelingi anarudi nyumbani kula?"

Nikafikiri. Sijawahi kuona. Huwa wanaondoka tu kwa mguu, na maandishi yanapanda.

Nikamwuliza, kwa upole, kama mtu na mwanawe, Wajapani wenyewe hapa walisema nini hasa. Sindano ikapunguza mwendo.

"Sehemu hii sikuielewa, mama mdogo. Nilitunga."

"Basi tunga nyingine."

"Watu wameshaisikia hivyo."

Sindano ikapanda mapajani, ikaruka tumbo, ikashuka mkononi. Bati linafunika kiganja cha Somoe kama mfuniko wa sufuria. Kimebaki kidole gumba, na kidole gumba hicho ndicho kilichokuwa kikinishika kanga alipokuwa anajifunza kutembea. Nikapapasa pindo la kanga hiyohiyo. Kuna ganda la korosho limenasa humo, bichi, limejaa mafuta.

Nilijua ninachokifanya, msije mkasema sikujua. Kile ambacho kiwanda kilinifanyia miaka kumi na moja, mimi nilimfanyia mwanangu kwa tone moja. Nikaliminya ganda, nikampaka, nikasugua. Akanitazama.

Cherehani kikamshika kidole, kikakiweka kwenye kioo chake cha kusomea alama, kuhakikisha.

"Hapa hakuna mtu," kikasema.

Kikakiweka tena.

"Hapa anasema..." Liponda akasita. "Hapa hasemi kitu."

Sindano ikasimama. Bati likaanguka sakafuni lote kwa pamoja, kama ndoo zilizoteleza kichwani, na chini yake miguu ya mwanangu ikatokea, na kovu lake la gotini. Mlango ukafunguka, kwa sababu mji hauwezi kumzuia mtu ambaye hayupo, na sasa hatukuwepo sote wawili. Ndipo Somoe akasema, kwa sauti yake mwenyewe, ile inayokwaruza kidogo mwishoni:

"Mama, inaunguza."

"Najua," nikamwambia. "Twende."

Nikaamka jua limeshatoka. Somoe kakaa mkekani mlangoni na simu yake, ile isiyofunguka ila kwa kidole gumba chake. Anabonyeza, inakataa. Anafuta kidole kwenye kanga, anabonyeza, inakataa.

"Sijui imekuwaje hii, mama. Kama hainijui."

Nikauchukua mkono wake, nikaugeuza kwenye mwanga. Kidole gumba kilikuwa laini kama kauri, hakina mstari hata mmoja, na kilinuka mafuta ya maganda.

Somoe hajawahi kubangua korosho hata moja. Nilimkataza mimi.